Neno "Yet" Nyumbani Mbwajumali

Kazi yangu ya kwanza ya ualimu ilinipeleka Mbwajumali, kisiwani Pate. Mimi ni mtoto wa mji wa Lamu, wa nyumba za mawe na vichochoro, na Pate nilikuwa nimefika kwa harusi tu. Nilishuka gatini Mtangawanda na sanduku moja na godoro la kukunja. Mwenye bodaboda akafunga godoro kwa mpira nyuma ya pikipiki na kuniambia nishike sanduku mwenyewe. Tulifika mchana, jua kali, vumbi limenijaa hadi kwenye kope.

Mwalimu mkuu alikuwa amenitafutia chumba kwa mama mmoja mtu mzima aliyeishi peke yake. Kijiji kizima kilimwita Bi Mkubwa, nami namwita hivyo hivyo mpaka leo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono yenye nguvu za mtu aliyekuna nazi na kusuka mikeka maisha yake yote. Hakuniuliza natoka wapi wala mimi ni mtoto wa nani. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Huyala?"

Kiamu chetu, lahaja ya Lamu, nacho ni hivyo hivyo, sauti ya "ja" huwa "ya", kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Alikuwa akiniuliza kama sijala. Nikamjibu, "Bado." Akaingia jikoni, akatoka na wali na samaki wa kupaka. Nililia kidogo nikila, kwa uchovu na kwa shukrani, naye akajifanya hanioni.

Nilipewa Kiingereza cha darasa la sita. Watoto walikuwa wepesi wa kushika maneno ya vitu na wazito wa kushika yale maneno madogo yasiyoshikika kwa mkono. Lililotutesa kuliko yote lilikuwa "yet". Kitabu kilisema maana yake ni "bado", na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu bado yetu inabeba mizigo miwili. Tukisema baba bado yuko shambani, tuna maana kwamba yuko hadi sasa, na Mwingereza ana neno jingine la hapo, "still". Tukisema baba hajarudi bado, tuna maana kwamba tunamtazamia, na hapo ndipo penye "yet". Watoto wangu wakaandika kwamba baba zao ni "yet in the farm". Nikifuta upande mmoja, kosa linaibukia upande wa pili.

Siku moja niliwapa sentensi watafsiri: Babu yangu hajafa. Wote wakaandika, "My grandfather is not dead yet." Nilicheka peke yangu mezani, kisha nikaona nina kazi ya kuwaeleza kwa nini nimecheka. Sisi tukisema hajafa, tumesema tu kwamba yu hai, na kwamba mauti ni ya kila mtu. Hakuna ubaya. Lakini ukimwambia Mwingereza "not dead yet", anaona kama umekaa mlangoni na sanda mkononi, unangoja. Kwao "yet" ina macho mbele. Ukiitia mwishoni mwa sentensi, umesema kwamba jambo linatarajiwa, linakuja, lipo njiani. Kwetu ile "ja" ndogo iliyo katikati ya kitenzi tunaitumia bila kufikiri. Hajaja, hajala, hajaoga, hajaolewa. Ni adabu. Mtu wa Pate au Lamu ni nadra sana kusema jambo la heri halitakuwa. Atasema halijawa, na mengine amwachie Mungu.

Bi Mkubwa alikuwa na desturi iliyonifurahisha. Kila nikirudi shule, baada ya kuswali alasiri, huniuliza, "Yeo," yaani leo, "umesomesha neno gani?" Nami humpa neno moja. Hakuwahi kwenda shule, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini alipenda maneno kama watu wengine wanavyopenda halua. Siku ile nikampa "yet".

"Yeti," akarudia. "Maana yake?"

"Bado."

"Yeti." Akaijaribu tena. "Tamu. Ni nyepesi mdomoni."

Tangu siku hiyo nikimwuliza kama chakula kimeiva, hunijibu, "Yeti." Nikimwuliza kama ameswali, "Yeti." Jirani alipokuja kuuliza kama mkeka wake umekwisha kusukwa, Bi Mkubwa akamwambia yeti, na jirani akaenda zake akidhani ni jina la aina ya mkeka.

Mimi mwenyewe bado ilikuwa ngao yangu. Nilikuwa msichana mkubwa, nina kazi, nina kwetu, na kila mwanamke niliyekutana naye kisimani au msibani aliniuliza, "Mwalimu, hujaolewa?" Namjibu, "Bado." Naye ananiombea dua, mazungumzo yanakwisha, naenda zangu. Sikuona neno hilo likiniuma. Lilinifaa kama mwavuli.

Bi Mkubwa alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alianza kama mpishi kwenye meli za mizigo, akaishia Uingereza, akaoa huko. Mwanamke alisilimu, wakafunga ndoa, na picha yao ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda cha Bi Mkubwa, wote wawili wamevaa makoti mazito na pua nyekundu kwa baridi. Miaka ilipita wakiongea kwa simu tu. Halafu mwaka wangu wa pili pale, mwana akapiga simu kusema wanakuja kabla ya Ramadhani, na watakaa mpaka Idi ipite.

Bi Mkubwa akapiga nyumba chokaa. Akanunua mapazia. Akanishika mkono jikoni akaniambia, "Wewe ndiwe mdomo wangu na masikio yangu. Mimi na huyo mkaza mwana wangu tutazungumza kupitia kwako."

Nikakubali. Nilijua mkaza mwana, yaani mke wa mwanawe, hana Kiswahili, na mwana mwenyewe ni mtu wa maneno machache, halafu atakuwa nje na wanaume muda mwingi. Nilijivuna kidogo kwa kazi ile.

Walifika siku ya maji makubwa, boti ikaweza kukaribia gati bila taabu. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, uso wa kucheka, na leso kichwani aliyoifunga vibaya. Bi Mkubwa alimpokea mlangoni. Akamtazama, akaifungua ile leso, akaifunga upya vizuri, kisha akamkumbatia. Hapakuhitajika mkalimani.

Wageni wakaanza kumiminika. Wanawake wa kijiji walikuja na sinia za mahamri, mikate na ndizi, wakaketi mikekani ukumbini wakamtazama yule bibi wa kizungu kwa upole na kwa makini. Maswali yalipita kwangu. Safari ilikuwaje? Kwenu kuna baridi ya namna gani? Wazazi wako wazima? Nilikuwa nikitafsiri huku na huku, nikinogewa. Kisha jirani mmoja, mama mwema asiye na nia mbaya hata chembe, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe. "Wana watoto wangapi?"

Nikauliza kwa Kiingereza. Mgeni akajibu, "No. We have none."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema hana ndugu wa kike. Nami nikawageukia wanawake nikawaambia, "Bado."

Ulimi wangu haukuniuliza. Mtu yeyote wa kwetu angefanya vile. Wanawake wote wakasema kwa pamoja, "Mungu atawapa, inshallah," na mmoja akaanza kueleza habari za majani fulani yanayochemshwa. Mgeni aliwatazama midomo. Alikuwa ameshalisikia neno hilo mara nyingi tangu asubuhi, chai bado, mume wako bado, maji ya kuoga bado, na alikuwa na sikio zuri.

Kesho yake alasiri tulikuwa uani tukifua nguo kwa maji tuliyoteka kwenye jabia, lile birika la kuhifadhi maji ya mvua. Akaniuliza, "Bado ni nini?"

Nikamwambia, ni "not yet".

Aliacha kufua. "Lakini mimi sikusema 'not yet'. Nilisema 'no'."

Nikaanza kumweleza habari za adabu, za Mungu, za kwamba kwetu mtu hafungi mlango wa heri. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniambia kwamba amewahi kushika mimba, si mara moja, na zote zilitoka. Ya mwisho ilikuwa kubwa kiasi cha kuwa na jina. Madaktari walimwambia haiwezekani tena, na umri nao umepita. Kwa miaka mingi watu wa kwao walimwambia "not yet", mama yake, dada zake, rafiki zake kazini. Kila "yet" ilimrudisha kwenye chumba kile kile alichokuwa amepaka rangi kwa ajili ya mtoto. Ilimchukua muda mrefu kuweza kusema "no" bila sauti kutetemeka. Siku alipoweza, alilala vizuri.

"Nyinyi ni watu wema," akasema. "Najua wamesema hivyo kwa wema. Lakini wewe nitafsirie neno nililolisema."

Nikamwahidi. Akaniomba pia nisimweleze Bi Mkubwa, kwa sababu mumewe hajapata namna ya kumwambia mamake. Nikaahidi na hilo. Tukaanika nguo, na nilipokuwa nikibana kanga kwenye kamba nilikuwa nawaza nitasemaje. Utasimamaje mbele ya wanawake wa Mbwajumali na kutamka kwamba fulani hana mtoto wala hatapata? Kwa Kiingereza ni habari. Kwa Kiswahili cha kwetu inasikika kama laana uliyomwapiza mtu. Nilikuwa mwalimu wa neno lile, nimelifundisha ubaoni, na sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kumwumiza mtu.

Asubuhi iliyofuata Bi Mkubwa aliniita tuchague mchele pamoja. Ilikuwa Jumamosi, sina shule. Tulikaa na ungo kati yetu. Akitoa vijiwe, akasema bila kuinua macho, "Yule mkaza mwana yuzi alisema 'no'. Wewe ukasema bado. Hiyo 'no' nami naiyua."

Niliinamia ungo.

"Sikuulizi siri yake. Siri ni yake. Nakuuliza neno, wewe ni mwalimu. Hiyo 'no' yake ni ya kungoja au ni ya kumaliza?"

Niliona kwamba hapo sivunji ahadi, au labda nilitaka kuona hivyo. Nikasema, "Ni ya kumaliza, Bi Mkubwa."

Akaendelea kutoa vijiwe. Nilidhani atalia, maana huyu ni mwanawe mmoja tu, na nyumba ile ilikuwa na kitanda kidogo cha mbao kilichowekwa pembeni kwa ajili ya wajukuu. Hakulia. Akaanza kunieleza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Mumewe aliondoka kwenda Uarabuni kutafuta kazi wakati mwana hajasimama dede. Mwanzoni alituma salamu. Baadaye kimya.

"Watu wakiniuliza, hayarudi? Nawaambia, bado. Kisimani, bado. Harusini, bado. Mtu akisema bado kila siku, hulala na mlango wazi. Wayua kulala na mlango wazi? Kila kishindo wadhani ni yeye. Hata ikaya habari kwamba yu hai, ameoa huko na ana wana. Siku ile mtu akaniuliza, hayarudi? Nikamwambia, harudi. Nikafunga mlango, nikalala."

Mimi mtu wa sarufi nilisikia kitu hapo, na sikuweza kujizuia kukisikia. Kutoka hayarudi mpaka harudi, kwa Kiswahili cha vitabuni hajarudi na harudi, tofauti ni silabi moja. Mwingereza naye hutoa "yet" mwishoni mwa sentensi, basi. Kwa mama huyu, kuitoa ile silabi kulimgharimu ujana wake mzima.

"Watu hawakupenda," akasema. "Walisema nimekata tamaa. Mimi sikukata tamaa. Nilikata kungoja tu."

Akainua ungo, akapepeta.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, palikuwa na karamu ndogo ya kuwakaribisha wageni. Akaja shangazi yake mwana, dada wa yule mume aliyekwenda Uarabuni, mwanamke mzito anayeogopwa na wenziwe, na asiyeuliza swali kwa kunong'ona. Aliketi, akapewa kahawa, akamkagua mgeni toka leso mpaka vidole vya miguu. Kisha akanigeukia. "Mwulize, mbona hawayazaa? Wangoja nini?"

Mgeni akanitazama, akijua kwa uso wa mwulizaji swali lilikuwa gani. Nilifungua mdomo na sijui hadi leo ningesema nini, kwa sababu Bi Mkubwa aliniwahi.

"Hawana," akasema. "Wala hawangoji. Mimi nimepawa mkaza mwana, yanitosha. Mnywe kahawa."

Hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika birika, na alipomaliza kusema alimmiminia shangazi kikombe kingine hata kabla cha kwanza hakijakwisha. Nilimwona shangazi akitafuta neno la kujibu, akilikosa. Mwishowe akasema, "Basi Mungu awape afya," akapokea kikombe, na mwanamke mwingine kwa bahati njema akaanza kulalamika juu ya nguruwe wa mwitu wanaoharibu mihogo shambani.

Mgeni akaniinamia. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa pia anacheka, ameshika upindo wa kanga ya Bi Mkubwa kama mtoto anavyoshika nguo ya mamake sokoni. Bi Mkubwa akamwacha aishike, akaendelea kumimina kahawa kwa mkono wa pili.

Jioni, mwana aliporudi kutoka msikitini, alikuwa ameshaambiwa maneno ya mamake, sijui na nani. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni alipokuwa mamake, akachuchumaa mbele yake, akauchukua mkono wake akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Mimi nilitoka nikaenda kuzungumza na kuku.

Baada ya siku ile nyumba ikawa nyepesi. Wale wawili walianza kuzungumza bila mimi. Bi Mkubwa alimkalisha mkwewe juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akampa kizio cha nazi, na yule mama akajikuna vidole mpaka damu. "Wayua kukuna?" Bi Mkubwa anamwuliza kila asubuhi, akionyesha kwa mkono. Naye anajibu kwa Kiswahili safi, "Bado." Na Bi Mkubwa anajibu kwa Kiingereza chake, "Yeti." Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Niligundua kwamba bado ile haikumwuma hata kidogo, bali aliipenda. Aliipenda kwa mambo aliyoyataka na yaliyokuwa yakija.

Nikamwomba aje darasani kwangu. Mwalimu mkuu alifurahi, watoto wakavaa sare zilizopigwa pasi. Niliwaambia wamwulize maswali kwa Kiingereza, na kila swali liishie na "yet". Wakamwuliza kama amekwisha kula pweza. "Not yet." Kama amepanda punda. "Not yet," na darasa likacheka, kwa sababu kila mtu alijua punda wa jirani alivyo mkorofi. Kama ametembezwa Lamu mjini. "Not yet." Kama amejifunza Kiswahili. "Not yet, but soon."

Kisha msichana aliyekaa mbele, mtoto mpole mwenye mwandiko mzuri, akauliza, "Have you got children yet?"

Moyo wangu ulishtuka. Mgeni akamtazama vizuri, akatabasamu. "No," akasema.

Msichana akangoja neno la pili. Halikuja. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, hapo mbona hakusema 'not yet'?"

"Kwa sababu kuna hapana inayongoja, na kuna hapana isiyongoja," nikamjibu. "Hii haingoji. Na yeye yu mzima, kama unavyomwona."

Msichana akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akauliza kama kwao kuna theluji. Watoto hukubali mambo upesi wakiambiwa wazi. Kabla hajaondoka, mgeni alichukua chaki akawaonyesha kazi ya pili ya neno lile, ambayo mimi sikuwa nimeifikia. Akaandika ubaoni kwamba "yet" huweza pia kukaa katikati ya maneno mawili yasiyopatana, na maana yake ikawa "hata hivyo". Mfano wake ulikuwa juu ya Bi Mkubwa. Akaandika kwamba hajui Kiingereza, "yet" tunaelewana. Watoto wakainakili. Hawakukosea tena sana baada ya hapo, angalau si kwa neno hilo.

Waliondoka siku chache baada ya Idi. Gatini Mtangawanda Bi Mkubwa hakusema mengi. Alimpa mkwewe mkeka aliousuka, na mbuzi mpya ya kukunia nazi, ambayo nilisikia baadaye iliwapa watu wa forodha huko Uingereza kazi ya kufikiri. Boti ilipotoka, yule mama alisimama nyuma akipunga mkono, na leso yake imefungwa sawasawa.

Mimi nilikaa Mbwajumali miaka michache zaidi, halafu nikahamishiwa Lamu mjini. Nimefundisha watu wengi tangu wakati ule, na kila nikifika kwenye lile somo hufundisha kwa hadhari zaidi. Huwaambia wanafunzi kwamba neno hili lina tarajio ndani yake, na kwamba si vizuri kumtwika mtu tarajio asilolitaka. Wengine huelewa. Mimi mwenyewe, watu wakiniuliza kama sijaolewa, siku hizi hujibu kulingana na siku. Siku nyingine bado. Siku nyingine sijui.

Mwaka jana magoti ya Bi Mkubwa yalimsumbua hata akashindwa kwenda msikitini usiku wa maulidi, jambo ambalo hakuwahi kulikosa. Mwanawe akanipigia simu. Nikamchukua, akaja kukaa nyumbani kwetu Lamu wakati akitibiwa. Mamangu, ambaye hana subira na wageni, alimpa kitanda chake mwenyewe. Walishindana kwa kila kitu. Mkate wa mofa wa Pate na wa Lamu upi bora. Nani anajua kumumunya tende bila kutoa sauti. Mamangu alipolalamika kwake kwamba mimi nimeachwa nyuma na wenzangu walioolewa, Bi Mkubwa alimwambia neno moja tu, "Mwate," yaani mwache, na mamangu, nashangaa hadi leo, akaniacha.

Kila Jumapili simu ilikuja kutoka Uingereza. Mkaza mwana sasa anasema Kiswahili, cha kuvunjika lakini cha kutosha. Husalimia nyumba nzima kwa majina, mamangu na hata paka.

Huwa nafikiria nilivyobahatika. Nilikwenda kisiwa cha pili nikidhani nakwenda kutoa, na wanawake wawili, mmoja asiyejua Kiingereza na mmoja asiyejua Kiswahili, wakanipa elimu ya lugha zote mbili kuliko chuo chochote. Sikuwahi kuwalipa, na sidhani kama wanajua nina deni. Namshukuru Mungu kwa ajili yao kila ninaposimama mbele ya ubao.

Magoti yalipopata nafuu, Bi Mkubwa akaniambia anataka kuona ninapofanyia kazi. Tulitembea polepole, yeye na mkongojo, tukipumzika kwenye baraza za watu, akisalimiana na kila aliyepita kama kwamba mji ni wake. Tulipofika shuleni nilimwekea kiti nyuma ya darasa. Hakuwahi kuingia darasa la shule maisha yake yote. Watoto waligeuka kumtazama, naye akawaashiria kwa kidole watazame mbele. Akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kiti, akakunja mikono mapajani, na kungoja nianze.